Hakikisha Inatosha

Mgeni aliingia kwenye eneo letu la ujenzi akiwa na mfuko wa plastiki uliobeba kitu kizito, na neno la kwanza aliloniambia halikuwa salamu.

"Dada, waambie watu wako waache kugonga."

Sikumjua. Alikuwa mwembamba, shati limechomekwa vizuri, viatu vimejaa vumbi hadi kwenye kamba. Mafundi walikuwa ndani wanaing'oa mirunda kwa nyundo, ile miti iliyokuwa imeishikilia sakafu ya ghorofa tangu tulipoimwaga. Siku thelathini zilikuwa zimetimia. Mirunda mitatu ilishalala chini.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye ninayevunja michemraba yenu. Natoka maabara. Waache kwanza, halafu nitajieleza hata mpaka jioni."

Waliofuatana nami tangu wiki ya kwanza wanajua nilivyofika hapo. Kwa wanaoanza leo nitasema kwa kifupi. Baba yangu ni mkandarasi. Miaka thelathini alipanda majukwaa ya kila namna bila kuteleza, kisha akateleza bafuni kwake akavunjika nyonga. Mimi, mwenye shahada niliyoipata miezi minane tu kabla, nikaachiwa kampuni yenye kazi moja: bweni la wasichana wa shule, ghorofa moja, vitanda tisini na sita. Mashine ya kuchanganyia zege ikaungua. Nondo zikapanda bei kabla hatujanunua za kutosha. Ili tupewe kazi hiyo, benki ilitoa dhamana kwamba hatutaharibu, na dhamana hiyo imesimama juu ya hati ya nyumba yetu. Nilikonda hadi mama akaanza kunipunguzia sketi.

Lakini sakafu ilikuwa imemwagwa. Majibu ya maabara yalikuja mazuri mno. Kesho yake saa nne Mhandisi anayeisimamia kazi kwa niaba ya shule angesaini hati ya malipo, na mimi ningekuwa mtu wa kawaida tena.

Niliinua mkono. Nyundo zikanyamaza.

Nieleze kuhusu michemraba, maana ndiyo iliyotufikisha hapa. Kila tunapomwaga zege, tunachota kiasi na kukijaza kwenye makasha ya chuma. Likiganda tunapata michemraba, tunaipeleka maabara, na huko mashine inaibana hadi ipasuke. Ikipasuka mapema, zege letu ni dhaifu. Nyapara wetu huiita watahiniwa. "Watahiniwa wameondoka leo, mwanangu." "Watahiniwa wamefaulu." Nilizoea kiasi kwamba hata kwenye daftari langu nilikuwa naandika hivyo.

Yule mtu akafungua mfuko wake. Ndani mlikuwa na nusu ya mchemraba.

"Umetoka sehemu ya mwisho ya sakafu mliyoimwaga, kule juu ya chumba cha kusomea. Angalia ndani. Unaona nini?"

"Zege."

"Kokoto za rangi gani?"

"Nyeusi."

"Sasa geuka nyuma yako."

Nyuma yangu kulikuwa na chungu la kokoto tulilokuwa tunatumia tangu siku ya kwanza. Nyeupe, kubwakubwa.

"Labda kuna lori lililoleta nyeusi," nikasema.

"Kuna?"

Hakukuwa na lori kama hilo. Mimi ndiye niliyekuwa nasaini kila lori.

"Hayo tisa," akasema. "Kumi ni hili. Zege lenu lilitakiwa kufika nguvu ya ishirini na tano. Michemraba yenu imefika thelathini na nane, yote sita, imeachana kwa nukta tu. Zege halifanani hivyo, dada. Hata mapacha wana tofauti."

"Kwa nini ulipiga muhuri kwenye majibu, basi?"

"Niliupiga kwa sababu mashine ilisema imepita. Jana nimepita barabara hii, nikaliona chungu lenu." Aliutazama ule mchemraba kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. "Muhuri wangu upo kwenye meza ya Mhandisi. Ningeweza kwenda kwake moja kwa moja. Nimesema nipite kwako kwanza, labda una maelezo."



Alitoa kifaa chembamba kama pampu ya baiskeli, akapanda ngazi, akakibana kwenye sakafu kutoka chini. Kikalia tak. Ishirini na sita. Tak. Ishirini na tano. Tukahama sehemu kwa sehemu, mimi namshikia ngazi, na kila namba ilinirudishia pumzi kidogo. Tulipofika juu ya chumba cha kusomea, tak, kumi na saba. Tak, kumi na sita. Akasogeza ngazi hadi katikati. Tak.

"Kumi na nne," akasema, akashuka polepole. "Kifaa hiki si kiapo. Kinadokeza tu. Ila hapa kinadokeza kwa sauti."

Juu ya sehemu hiyo vingekaa vitanda ishirini na vinne. Nilikuwa nimeichora mwenyewe mistari ya vitanda, hata nikasogeza kimoja ili msichana wa pembeni apate dirisha.

Niliagiza mirunda mitatu irudishwe na mingine isiguswe. Kisha nikamwambia mtu wa maabara kwamba kesho saa nne nitakuwa kwa Mhandisi na nitasema yote, naye alete barua yake.

"Utakwenda kweli?"

"Nitakwenda."

"Wengi huniambia hivyo," akasema, akachukua mfuko wake, akaniachia nusu ya mchemraba.

Nyapara wetu anaitwa Timazi. Si jina lake, ila hakuna anayekumbuka jingine. Timazi ni ile kamba yenye uzito mwishoni ambayo fundi huitumia kujua kama ukuta umesimama wima, na yeye enzi zake alikuwa haihitaji. Alitazama tu kwa jicho moja akasema ubomolewe. Baba ni rafiki yake wa miaka thelathini na moja. Alinibeba mgongoni nikiwa na surua.

Nilimkuta stoo anahesabu makarai.

"Mzee Timazi, watahiniwa walitengenezwa kwa zege gani?"

"Zege la watahiniwa," akasema, kama mtu aliyeulizwa maji ya bomba yanatoka wapi.

"Lipi hilo?"

Akasogeza turubai kwenye kona. Palikuwa na debe la kokoto nyeusi ndogondogo, ndoo ya mchanga uliooshwa ukawa mweupe kama chumvi, na nusu mfuko wa saruji uliofungwa kwa kamba. "Kokoto hizi ni za tangu ile kazi ya ghala. Sizitumii ovyo. Watahiniwa nawachanganyia mwenyewe, halafu nawalaza kwenye magunia yenye maji chumbani kwangu. Mke wangu analalamika sakafu imelowa."

"Kwa hiyo hawatoki kwenye sakafu yetu hata kidogo."

"Mwanangu, mtu akienda kwenye mtihani unamwogesha, unamvalisha shati safi. Humpeleki na jembe begani."

"Na sakafu?"

"Sakafu haiendi maabara."

Hakuwa na hila yoyote usoni. Nakiri kwamba hilo ndilo lililonitisha. Ningemkuta anajificha, ningejua la kufanya.

"Sehemu ya mwisho iliingia mifuko mingapi ya saruji?"

"Arobaini na mmoja."

"Nilipiga hesabu ya hamsini na minne."

"Stoo ilikuwa na arobaini na mmoja. Ukasema, Mzee Timazi, hakikisha saruji inatosha. Nikahakikisha." Akanyoosha mgongo. "Nilipunguza kidogo kila mchanganyo, kidogo tu, ikafika hadi karai la mwisho. Haikubaki hata ya kuziba tundu la panya. Umewahi kuona mtu akigawa hivyo?"

Alikuwa anajisifu. Alikuwa anasubiri nimsifu.

Asubuhi ile naikumbuka. Benki walinipigia kuhusu marejesho ya mkopo wa kampuni, nikatoka mbio, mguu mmoja tayari upo kwenye pikipiki, nikageuka nikamwambia maneno hayo. Kichwani mwangu yalikuwa na maana moja: hesabu, ukiona haitoshi nipigie, tutasimamisha kazi. Masikioni mwake yalikuwa na maana moja pia: fanya itoshe. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi tangu siku ile, nikiyageuza huku na huku kama noti ninayoishuku. Maana zote mbili zimo. Yeye hakukosea Kiswahili, wala mimi sikukosea.

Niwaambie na hili, mcheke. Nilipoanza kazi nilikuwa na daftari la hatari. Tulifundishwa chuoni: unaorodhesha kila kinachoweza kuiharibu kazi, unakipa rangi. Nilikuwa na hatari ishirini na tatu. Mvua, njano. Wizi wa nondo, nyekundu. Benki, nyekundu. Timazi alipoliona aliniuliza kwa nini naandika misiba kabla haijafika. Hakuna ukurasa wowote ambapo niliuandika mdomo wangu.

"Kwa nini hukunipigia simu?" nikamuuliza.

"Ulikuwa benki unaomba. Nikupigie nikuambie nini, tumekwama? Nilitaka urudi ukute imekwisha."

Nikamwambia kuhusu mtu wa maabara. Nikamwambia kumi na nne.

Timazi aliliweka karai chini. Aliinua kichwa kama vile angeweza kuiona ile sakafu kupitia bati la stoo. Kisha akakaa juu ya mfuko wa saruji, kitu ambacho humfokea fundi yeyote akikifanya.

"Mirunda ipo?"

"Ipo."

"Isitoke."

"Haitoki."

Nje mtu alikuwa anaimba vibaya, mwenzake anamwambia anyamaze kabla ukuta haujapasuka.

"Utaniandika," akasema Timazi.

"Lazima niseme michemraba ilivyotengenezwa."

"Sema. Ila jina niache niliseme mimi. Mkwe wangu anafanya kazi pale masijala, kwenye ofisi za Mhandisi. Ameniolea binti yangu wa mwisho, ananiita baba mbele ya watu. Asilisikie jina langu kwa mtu mwingine. Kesho nitakwenda mwenyewe. Usilitaje kabla sijalitaja mimi. Ni hilo tu, mwanangu, sikuombi lingine."

"Nakuahidi."

Ilikuwa ahadi nyepesi, kama kumpisha mtu mzima kwenye kiti. Wala sikuweka saa ya mwisho. Msomi mzima, niliyepata alama za juu kwenye somo la mikataba, sikuweka saa.

Nyumbani baba alikuwa kitandani na simu mbili kifuani. Tangu avunjike anaendesha kampuni kwa kuwapigia watu na kuwauliza kama mimi nipo.

Nilimsimulia yote. Nilipofika kwenye watahiniwa akacheka hadi nyonga ikamkumbusha.

"Michemraba ya Timazi? Kwani imeanza leo?"

"Ulikuwa unajua?"

"Nani unadhani alimfundisha?"

Kuna wiki nimewaandikia humu kwamba baba yangu hajawahi kupinda hata msumari. Nilimaanisha. Naomba mnisamehe, sikuwa najua.

"Ila mimi saruji niliweka," akasema, sauti imeshuka. "Hata siku moja sikupunja nyumba ya mtu."

"Ulijuaje kama imetosha, kama michemraba ilikuwa ya uongo?"

"Nilikuwa nimesimama pale."

Hakusema kwa ubaya. Alisema tu, kama mtu anavyotaja anuani yake. Lakini mimi ndiye ambaye sikuwa nimesimama pale, nilikuwa kwenye foleni benki nimeshika namba sabini na mbili.

"Sikiliza," akaendelea. "Kesho hati inasainiwa. Majibu ya maabara si yameshapita? Pesa ikiingia tunasimamisha nguzo mbili kwenye chumba cha kusomea, tunazipaka rangi, tunasema ni mapambo."

"Baba."

"Mapambo hayakatazwi."

"Mtu wa maabara anapeleka barua."

Baba akaziweka simu pembeni, moja moja.

"Basi mtaje Timazi."

"Siwezi. Nimemwahidi."

"Umemwahidi nini, urithi? Sikiliza, msomi. Nyapara akidanganya, nyapara anafukuzwa na kampuni inaonywa. Mkandarasi akidanganya, dhamana inavutwa. Dhamana ni nini?"

"Nyumba hii."

"Umeelewa, basi."

"Ni rafiki yako."

"Ndiyo maana naweza kumwomba. Timazi atanuna mwezi mmoja halafu atakuja hapa tule naye. Benki haiwezi kununa halafu ikaja kula."

Mama alikuwa mlangoni na beseni la nguo. Sijui alikuwa amesimama tangu lini.

"Nianze kufunga vyombo, au bado?"

Nilimtazama baba.

"Nauliza tu," akasema. "Masanduku yapo juu ya kabati na siyafikii."

Akaenda kuanika. Baba akageuza uso ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke hakuniuliza kesho nitaanza na kazi gani.

Saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye ofisi za Mhandisi. Kuna benchi refu kwenye ukumbi. Nilikaa mwisho wake ili Timazi akija apate nafasi.

Mtu wa maabara alikuja, akaingia, akatoka baada ya muda mfupi. "Nimesema yangu," akaniambia. Alinipa mkono, akaondoka.

Saa tatu Timazi hakuwa amefika. Nilimpigia, simu haikupatikana. Mlango wa masijala ulikuwa wazi, na ndani kulikuwa na kijana mnene mwenye miwani anayegonga mihuri huku akicheka na wenzake. Mkwe. Alinitazama mara moja, akaniuliza kama nimehudumiwa. Nikasema ndiyo.

Saa nne niliitwa.

Mhandisi ni mama wa makamo mwenye sauti ndogo, na huwa haniiti binti wala mdogo wangu kama wengine. Huniita Mkandarasi. Tangu siku ya kwanza nilimpenda kwa hilo.

Nilimweleza yote. Mifuko arobaini na mmoja. Benki. Kokoto nyeusi, kokoto nyeupe. Nikaitaja kauli yangu neno kwa neno. Nikamwambia mirunda ipo na haitatoka. Aliandika bila kunikatiza. Nilipomaliza alivua miwani.

"Umefanya vizuri kuja, Mkandarasi."

Nilitaka kulia kwa maneno hayo manne tu.

"Hakuna malipo leo, hilo unalijua," akasema. "Sehemu ya mwisho tutaitoboa tupime. Ikibidi utaibomoa na kuimwaga upya kwa gharama zako. Itakuumiza, lakini ni udhaifu wa kazi, na udhaifu tunarekebisha. Shida yangu ni michemraba. Huo si udhaifu. Huo ni udanganyifu."

"Naelewa."

"Kuna fomu." Akaisogeza kwangu. "Hapa panaulizwa aliyeandaa sampuli. Akiwa ni mfanyakazi wako, na wewe hukujua, nakuandikia onyo na kazi inaendelea. Na mimi naamini hukujua. Nipe jina lake tumalize."

"Jina lake atakuja kulisema mwenyewe."

"Lini?"

"Alisema leo."

Mhandisi aliiweka kalamu mezani. Kisha akavuta mtoto wa meza, akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili.

"Hii ilisukumwa chini ya mlango wangu kabla sijafika. Haina jina. Soma."

Ilikuwa karatasi ya daftari, mistari mitatu ya kalamu ya bluu. Saruji ya sehemu ya mwisho ilipungua. Binti bosi alituambia tuhakikishe inatosha. Sisi tulifuata.

Herufi zilikuwa zimesimama wima, hakuna hata moja iliyoinama. Mwandiko huo nimeusoma kila jioni kwa miezi mitano kwenye daftari la kazi: waliofika, walioumia, saruji iliyotumika.

Kwa hiyo alikuja. Alikuja mapema kuliko mimi, akafika hadi mlangoni, akashindwa kubisha. Niliisoma tena nikitafuta mahali aliponisingizia. Hapakuwa na uongo hata neno moja. Michemraba haikutajwa, na yeye mwenyewe hakuwemo.

"Unamjua aliyeandika?" akauliza Mhandisi.

"Namjua."

"Ndiye aliyeandaa sampuli?"

Niliikunja karatasi, nikamrudishia.

"Mkandarasi, huyu mtu amekutaja wewe. Umeona?"

"Nimeona."

"Ukinipa jina lake, karatasi hii ni maneno ya mtu anayejikinga. Usiponipa, ni ushahidi kwamba uliagiza saruji ipunguzwe, na aliyeagiza hilo sina namna ya kuamini hakujua kuhusu michemraba. Nitalazimika kusimamisha mkataba na kuiandikia benki leo hii. Nakueleza mapema kwa sababu nataka kukusaidia. Unaniona natafuta pa kukusaidia?"

"Nakuona."

"Basi nisaidie na mimi."

Simu yangu ikatetemeka mezani. Baba. Ikatetemeka hadi ikasogea yenyewe kuelekea kwenye fomu, ikanyamaza, ikaanza tena. Niliilaza kifudifudi.

Nilimfikiria Timazi kwa hasira, nisiwadanganye. Nilimfikiria mama akinyoosha mikono juu ya kabati. Hoja ya kujitoa kwenye ahadi nilikuwa nayo, tena safi: mtu aliyenitaja mimi hana haki ya kudai nisimtaje yeye. Ningeiandika kwenye mtihani ningepata alama zote. Lakini yeye aliniomba nisilitaje jina lake kabla hajalitaja, na kwenye karatasi ile hakuwa amelitaja. Hiyo ndiyo hali ilivyokuwa, nami sikupata namna ya kuigeuza.

Kupitia ukuta mwembamba nilimsikia kijana wa masijala akigonga mihuri yake.

"Jina hilo si langu kulitoa," nikasema.

"Hapa hapawezi kubaki wazi. Nitaandika la kwako."

"Andika."

Mhandisi alivaa miwani yake taratibu, akanipa muda, aone kama nitabadilika. Kisha akavuta fomu upande wake, akaweka kalamu kwenye mstari, akaniuliza jina langu kamili.

Nikamtajia herufi moja moja, kwa sababu watu hulikosea, na safari hii sikutaka likosewe.